Safari ya Broken Hill: Kangaruu na Mzigo Wake

Mwezi wa Agosti mwaka uliopita, mimi na mama watoto tulijaaliwa kufika Adelaide, mji ulioko kusini mwa Australia, kumzuru binti yetu aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa pili. Tulikwenda kwa nia ya kumsaidia. Mama watoto alisaidia kweli kweli. Mimi, nikisema haki, nilisaidia zaidi katika kunywa chai.

Siku ya tatu nilimkuta binti yangu ameketi ukingoni mwa kitanda alfajiri, mtoto begani, macho mekundu kwa kukesha. Nikatamka neno nililodhani ni la kumtia moyo. Nilimwambia, "Mama yako amelea watoto watano, na bibi yako akalea wanane huku akichota maji kisimani, wala hatukuwasikia kulalamika." Binti yangu hakujibu. Mama yake alinitazama mara moja tu, kisha akaendelea kukunja nguo za mtoto. Neno hilo nimelitaja mapema kwa kuwa lilisafiri pamoja nasi hadi Broken Hill, na huko likanirudia kwa njia ambayo sikuitarajia.

Mkwe wetu alipata mapumziko ya siku tatu, akakodi gari la watu saba. Tukapakia chakula, mablanketi, mjukuu mkubwa wa miaka mitano na mdogo wa miezi mitatu, tukashika barabara ya kaskazini mashariki. Kutoka Adelaide hadi Broken Hill ni zaidi ya kilomita 500, sawa na kutoka Mombasa hadi Nairobi na kupita kidogo. Mpaka mji mdogo wa Burra ardhi ni ya mashamba, na katika msimu ule wa baridi ngano ilikuwa ya kijani kibichi. Baada ya hapo mashamba hupungua, kisha miti, kisha nyumba, hata ukabaki na udongo mwekundu na vichaka vifupi vya rangi ya kijivu vinavyostahimili chumvi na ukame. Mtu aliyezoea minazi na bahari hupatwa na kizunguzungu kwa upana wa mbingu ya kule. Mama watoto alisema, "Hapa hata mtu akikuita, sauti itachoka kabla haijafika."

Broken Hill ni mji wa migodi ya fedha, risasi na zinki. Upo ndani ya jimbo la New South Wales, ambalo makao yake makuu ni Sydney, lakini saa zake hufuata Adelaide, kwa hiyo serikali yake na saa yake hutofautiana kwa nusu saa. Kaskazini mwa mji upo msikiti mdogo wa mabati yaliyopakwa rangi nyekundu iliyokoza, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na wachunga ngamia waliotoka Afghanistan na Bara Hindi. Siku hizi ni makumbusho yanayotunzwa na jumuiya ya historia ya mji. Watu wale waliletwa kwa sababu farasi na ng'ombe wa kukokota mikokoteni walishindwa na nchi ile kavu, ngamia wakaiweza. Walipeleka unga, sukari na vifaa kwenye mashamba ya kondoo ya mbali, wakarudi na marobota ya sufi. Nilisimama mlangoni nikafikiri juu ya kubeba, na juu ya nani hubeba nini na kwa gharama gani, bila kujua kwamba kesho yake somo lilikuwa lilelile.

Kulipopambazuka tulitoka kwa barabara iendayo Tibooburra. Kiasi cha kilomita 110 kutoka mjini lipo eneo liitwalo Fowlers Gap, ambako Chuo Kikuu cha New South Wales kina kituo cha utafiti wa nchi kavu. Hatukwenda kituoni, tulisimama kando ya barabara tu. Mkwe wetu alikuwa mwangalifu sana njiani, kwani alfajiri na magharibi ndipo kangaruu hujitokeza, na gari likikutana na mmoja wao huweza kuharibika vibaya. Ndiyo maana magari mengi ya kule yamefungwa vyuma vizito mbele.

Tuliwaona kumi na wawili. Walikuwa wakila majani mafupi karibu na mkondo mkavu, madume yakiwa na manyoya ya rangi ya udongo wenyewe, majike mengi yakielekea kwenye buluu ya moshi. Hao ni kangaruu wekundu, wakubwa kuliko wanyama wote wenye mfuko. Dume kubwa huweza kupita kilo 80, na jike kwa kawaida huwa chini ya nusu yake. Kwa faida ya vijana wanaopenda asili ya maneno, jina kangaruu limetoka mbali na hapo, katika lugha ya Guugu Yimithirr ya wenyeji wa kaskazini mwa Queensland. Kapteni Cook na wenzake walilisikia mwaka 1770 walipokuwa wakitengeneza jahazi lao. Ile hadithi kwamba maana yake ni "sijui" haina msingi. Ni jina la aina moja ya mnyama huyo.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni jinsi wanavyokwenda polepole. Nilimwona mmoja akainama, akaweka mikono yake mifupi chini, akaukita mkia ardhini nyuma yake, kisha akainua miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja na kuisogeza mbele. Nilidhani ana jeraha. Kumbe wote ndivyo waendavyo wakiwa malishoni. Kangaruu hawezi kutembea kwa kupishanisha miguu ya nyuma kama sisi akiwa nchi kavu, ijapokuwa akiogelea huipishanisha. Basi akitaka kwenda taratibu hutumia viungo vitano, na wa tano ni mkia. Watafiti waliopima nguvu za mkia huo, wakatangaza matokeo yao mwaka 2014, walikuta kwamba katika mwendo huo mkia husukuma mwili mbele kwa nguvu inayolingana na ile ya mikono na miguu ikijumlishwa. Mwendo wenyewe ni wa gharama. Mnyama wa miguu minne wa uzito kama wake hutembea kwa nguvu kidogo zaidi.

Kisha likapita lori refu lenye matela, likavuma, nao wakainuka. Ewe msomaji, nimeona ngalawa ikipandisha tanga na kushika upepo wa kusi. Sina mfano mwingine wa karibu. Kile kiumbe kilichokuwa kikijikongoja kikawa kitu kingine kabisa. Miguu miwili inagusa ardhi kwa pamoja, mwili unainama mbele, mkia unapanda na kushuka kusawazisha, na baina ya mguso mmoja na mwingine mnyama yuko hewani. Hawakuonekana kujitahidi. Dakika moja baadaye walikuwa vitone vyekundu upande wa pili wa bonde.

Kutoonekana kujitahidi huko si udanganyifu wa macho. Mwaka 1973 wataalamu wawili, Terence Dawson wa Chuo Kikuu cha New South Wales na Richard Taylor wa Harvard, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwafundisha kangaruu wekundu kuruka juu ya mkanda unaozunguka, kama ule wa mazoezi tunaouona mahotelini, huku wakipima oksijeni waliyoitumia. Huyo Taylor si mgeni kwetu. Katika miaka ya 1960 alifanya utafiti hapa Kenya juu ya choroa na pofu na namna wanavyostahimili joto na kiu. Ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba mbwa, farasi au binadamu akiongeza mbio, matumizi yake ya hewa huongezeka sambamba. Kangaruu alipokuwa katika ule mwendo wa viungo vitano, matumizi yake nayo yalipanda, tena kwa haraka. Lakini mara alipoanza kuruka, kwa kasi ya kilomita 6 hivi kwa saa, matumizi yalikoma kupanda. Wakaongeza kasi ya mkanda hadi kilomita 22 kwa saa, na mnyama hakutumia hewa zaidi. Akiwa katika kasi hiyo, gharama yake ni ndogo kuliko ya mkimbiaji wa miguu minne wa uzito wake.

Inawezekanaje? Kila mvulana wa Pwani amepata kutengeneza manati. Ukiuvuta mpira, nguvu ya mkono wako huhifadhiwa ndani yake, na ukiuachia hukurudishia. Nyuma ya kisigino cha kangaruu ipo kano ndefu na imara. Anapotua, uzito wake huivuta kano hiyo na wenzake, nayo hujinyoosha kidogo na kuihifadhi nguvu ya kutua. Anapoondoka, kano hujirudi na kumrusha. Sehemu ya nguvu ya mruko mmoja kwa hivyo huwa imelipiwa na mruko uliotangulia. Mwaka 1975 Robert McNeill Alexander wa Leeds, Uingereza, pamoja na mwenzake, walieleza hesabu ya kano hizi. Kangaruu akitaka kuongeza kasi, haongezi sana idadi ya miruko, ambayo hubaki kama miwili kwa sekunde, huirefusha. Dume akikimbizwa huweza kuvuka zaidi ya mita nane kwa mruko mmoja.

Hata pumzi imefungamana na mwendo. Akiruka, huvuta na kutoa pumzi mara moja kwa kila mruko, na inaelezwa kwamba viungo vya tumboni, vinavyosukwasukwa mbele na nyuma, husaidia kujaza na kuondoa hewa mapafuni, mfano wa mvukuto wa mhunzi unaoendeshwa na nyundo yake mwenyewe.

Nisije nikaeleweka kwamba fumbo lote limefumbuliwa. Kano peke yake haitoshi kueleza kwa nini gharama haipandi na kasi, na wataalamu wangali wakijadiliana. Wala si kila arukaye hupata faida hiyo. Panya warukao wa majangwa ya Marekani hawapati nafuu ya maana, maana kano zao ni nene mno kwa miili yao midogo, hivyo hazinyooki vya kutosha. Zimeumbwa ziwape nguvu ya kumkwepa nyoka ghafla. Nasi huku tunaye kamendegere, anayeruka usiku katika nyika za kusini mwa Kenya, lakini naye ni mwepesi, hapimwi na kangaruu.

Ukiitazama nchi ile utaona faida ya mwendo wa bei nafuu. Broken Hill hupata mvua ya milimita 250 hivi kwa mwaka, na Mombasa hupata mara nne yake. Tena mvua yenyewe hunyesha hapa ikaruka pale, na malisho huchipua mbali. Mnyama atakayelipa sana kwa kila kilomita atakufa njiani.

Tulipokuwa tumekaa kimya tukinywa chai ya chupa, jike mmoja alirudi. Alikuja kwa miruko ya taratibu, akasimama kiasi cha mita 40 kutoka kwetu. Mfuko wake ulining'inia, na kutoka ndani yake ilichomoza miguu miwili mirefu na sikio moja. Mjukuu wangu alipiga ukelele wa furaha. Mtoto wa kangaruu huzaliwa akiwa hafiki gramu moja, akapanda mwenyewe hadi mfukoni, na hukaa humo takriban miezi minane. Anapoutoka kabisa huwa na kilo nne au tano, naye mama huenda hafiki kilo 30.

Hapo nikataka kuonyesha elimu yangu. Nikawaeleza kwamba katika mji huohuo wa Adelaide tulikotoka, mtaalamu Russell Baudinette, pamoja na Andrew Biewener wa Marekani, walichunguza jamaa mdogo wa kangaruu aitwaye wallaby wa tammar. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 1998 yalionyesha kwamba jike aliyebeba mzigo wa mtoto, hadi asilimia 15 hivi ya uzito wake, haongezi matumizi ya nguvu anaporuka. Mzigo huzivuta kano zaidi, nazo hurudisha zaidi. "Kwa hiyo," nikasema kwa kujiamini, "mtoto husafiri bure. Mama halipi kitu."

Mama watoto akaweka kikombe chini. "Na maziwa, Maalim? Maziwa nayo ni bure?"

Mkwe wetu aligeuka kutazama upande wa pili, kwa adabu. Binti yangu, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto ndani ya gari mlango ukiwa wazi, alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuwasili.

Sikuwa na jibu. Waliopima walipima mwendo tu. Hawakupima usingizi wala maziwa. Tena hata kwa mwendo, bure ile ina mpaka. Kangaruu jike akifukuzwa mno na mbwa mwitu wa kule, misuli ya mfuko huweza kulegea na mtoto mkubwa akaanguka njiani.

Njiani kurudi mjini nilinyamaza, nikiwaza jambo jingine nililowahi kulisoma. Taylor huyohuyo wa kangaruu, pamoja na Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao, walitangaza mwaka 1986 utafiti juu ya wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa ukanda wa paji la uso. Waliwapima wakitembea bila mzigo na wakiwa na mzigo. Wakakuta kwamba mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili, mzigo haukuongeza gharama yoyote ya mwendo. Askari aliyepimwa na shanta mgongoni hulipa tangu kilo za mwanzo. Baadaye, mwaka 1995, ikaelezwa kwamba siri yao si kano. Kutembea ni kama bembea: mwili hupanda na kushuka kwa kila hatua, na kila mara nguvu kidogo hupotea. Wanawake hawa, wakiwa na mzigo, walipoteza kidogo zaidi kuliko sisi wengine. Nilipoisoma habari hiyo zamani nilijivuna, nikaisimulia barazani kama sifa ya mama zetu.

Lakini siku ile nilifanya hesabu ambayo sikupata kuifanya. Marehemu mama yangu alichota maji katika kisima cha kijiji chetu, kusini mwa Mombasa, kwa debe la lita 20. Lita 20 za maji ni kilo 20, na debe lenyewe lina uzito wake. Mama alikuwa mwanamke mwembamba. Sidhani kama alipata kuzidi kilo 50. Asilimia 20 ya kilo 50 ni kilo 10. Nusu ya debe ilikuwa bure. Nusu ya pili aliilipa, kila safari, na safari zilikuwa tatu kabla ya jua kupanda, mara nyingi akiwa na mmoja wetu tumboni au mgongoni, ambaye hakuingia katika hesabu yangu.

Namkumbuka akitoka kwenye mikorosho, shingo imenyooka, kata ya majani kichwani, debe halitikisiki, mkono mmoja umeachiliwa. Alitembea kwa namna ambayo mtu angedhani amebeba unyoya. Ndivyo nilivyodhani. Na namkumbuka usiku akimwita dada yangu amkande shingo na mabega kwa mafuta ya nazi. Sauti ile niliisikia miaka yote ya utoto wangu, nikaihesabu kuwa ni desturi ya wanawake wakiwa watu wazima, kama kutafuna tambuu. Sasa, niliposema hatukuwasikia kulalamika, nilisema kweli kwa maneno, kwa kuwa mama hakulalamika. Aliomba mafuta.

Usiku ule, katika nyumba tuliyokodi Broken Hill, nilimweleza binti yangu hesabu ya debe, nikamtaka radhi kwa neno la alfajiri ile. Alisema, "Hamna neno, Baba," akaniuliza bibi yake alikuwa akitumia mafuta ya kununua au ya kukamua mwenyewe. Ya kukamua mwenyewe.

Kesho yake tulianza safari ya kurudi. Mahali paitwapo Yunta, penye kituo cha mafuta na duka la chakula, tulisimama kupumzika. Nilimwomba binti yangu anipe mtoto ili ale kwa utulivu. Mama watoto alinifunga leso begani, akacheka, akaenda zake kuketi. Nikazunguka na mjukuu wangu katika uwanja ule wa changarawe, mara hii mpaka ukingo wa barabara, mara hii mpaka kwenye pampu za mafuta, madereva wa malori wakinitazama kwa heshima au kwa mshangao, sikuweza kutambua. Mtoto alikuwa na kilo sita. Baada ya robo saa mkono wa kushoto ulianza kufa ganzi, nikamhamishia wa kulia, na baada ya robo saa nyingine nikawa sijui nimhamishie wapi. Kila nilipokaribia gari nilimwona binti yangu amekwisha kula, ameegemeza kichwa kwenye kiti, amefumba macho. Nikageuka nikaongeza mzunguko mwingine.

Alipolia kwa njaa ndipo nilipomrudisha. Alinyonya, tukamfunga katika kiti chake, tukaondoka. Mama yake akalala tena, na hakuamka mpaka tulipofika Burra.